Kampuni moja, majina matatu, vichwa 250: jibu kwa msomaji wa Doncaster

Msomaji wetu anayeishi Doncaster, kaskazini mwa Uingereza, ameandika mengi, na haya ni baadhi: "Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye ghala lililo jirani na reli, na kila zamu naona vichwa vya treni za mizigo vyenye namba zinazoanzia na 66. Vingine ni vya rangi ya damu ya mzee vimeandikwa EWS, vingine vyekundu vimeandikwa DB. Mwenzangu kazini anasema hiyo ni kampuni moja. Ni kweli? Mbona vichwa vyote vinafanana kama mapacha? Na ilikuwaje Mjerumani akawa mwenye treni za mizigo za Mwingereza?"

Marahaba. Mwenzako kakuambia kweli, ni kampuni moja. Ilianza 1996 kwa jina la English Welsh & Scottish Railway, ndiyo hiyo EWS. Tarehe 1 Januari 2009 ikaitwa DB Schenker Rail (UK), na tangu Machi 2016 ni DB Cargo UK. DB ni Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani. Makao yake makuu yako hapo hapo mjini kwako. Rangi zimechanganyika kwa sababu ya kawaida tu: kupaka kichwa kizima kunataka fedha na kunakiondoa kazini siku kadhaa, kwa hiyo kile ambacho zamu yake haijafika kinaendelea kuvaa nguo za baba wa zamani. Ukikipata karibu kile cha rangi ya damu ya mzee chenye mkanda wa dhahabu ubavuni, tazama kama nembo yake bado ipo: vichwa vitatu vya wanyama, simba wa Uingereza, joka la Wales na ayala wa Scotland.

Maswali mawili ya mwisho hapo juu kwa kweli ni swali moja, na jibu lake limo ndani ya hicho kichwa cha 66 unachokiona. Kampuni hii iliweka karata zake zote kwenye kichwa cha aina moja, kwa kazi iliyoonekana haiwezi kwisha. Karata ilikuwa nzuri. Kazi ndiyo iliyokwisha.

Tuanzie nyuma kidogo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 reli yote ya Uingereza ilikuwa ya serikali, chini ya shirika la British Rail. Sheria ya Reli ya 1993 ikalikatakata shirika hilo ili liuzwe vipande vipande. Upande wa mizigo mizito, yaani makaa ya mawe, chuma, kokoto, saruji na mafuta, serikali iligawa vitu vyote katika kampuni tatu za kimkoa: Loadhaul ya kaskazini mashariki, Mainline Freight ya kusini mashariki, na Transrail ya magharibi, Wales na Scotland. Kila moja ikapewa vichwa vyake, madereva wake na karakana zake. Loadhaul wakapaka vichwa vyao rangi nyeusi na chungwa, Mainline wakachagua buluu, Transrail wakabandika tu herufi T kubwa juu ya kijivu cha zamani. Nia ilikuwa hizo tatu zishindane zenyewe kwa zenyewe.

Hazikushindana hata kidogo. Mnunuzi mmoja alizitaka zote, na Februari 1996 akauziwa zote tatu kwa pauni milioni 225 hivi. Mnunuzi huyo alikuwa kundi la wawekezaji likiongozwa na Wisconsin Central, kampuni ya reli ya Marekani. Miezi michache kabla walikuwa wameshachukua Rail Express Systems, iliyobeba barua za Royal Mail na kuvuta treni ya Malkia, na mwishoni mwa 1997 wakaongeza Railfreight Distribution, ile ya mizigo ya kupitia njia ya chini ya bahari kwenda Ufaransa. Kwa maneno mengine, ukiacha Freightliner ya makontena iliyonunuliwa na mameneja wake wenyewe mwaka huo huo wa 1996, karibu mizigo yote ya reli Uingereza iliangukia mikononi mwa Wamarekani hao. Binafsi naona serikali ilifanya kazi ya bure kugawa kitu katika sehemu tatu kisha kukiuza kizima, lakini ndivyo mambo yalivyokwenda.

Bosi wao alikuwa Ed Burkhardt, Mmarekani aliyezaliwa kupenda reli na aliyewahi kuingia hata New Zealand, ambako kundi lake lilinunua reli ya serikali mwaka 1993. Alipofika Uingereza alikuta kile ambacho fundi yeyote wa karakana angekipa jina la makaburi. Vichwa vya miaka ya 1960 vya aina ya 31, 37 na 47 bado vilikuwa kazini. Vilikuwapo vichwa 135 vya aina ya 56, ambavyo 30 vya kwanza vilitengenezwa Craiova, Romania, na vilipofika Uingereza miaka ya 1970 vilihitaji marekebisho mengi. Vilikuwapo 50 vya aina ya 58 vilivyojengwa hapo kwako Doncaster kati ya 1983 na 1987. Na vilikuwapo 100 vya aina ya 60 vya kiwanda cha Brush, Loughborough, vipya kabisa kwa wakati huo lakini vyenye historia ya matatizo ya utotoni. Kila aina na injini yake, vipuri vyake, vitabu vyake vya ufundi, na mafundi wanaojua tabia zake. Kichwa kikifa Wales na fundi wake yuko Tees, kaskazini mashariki, treni inalala.

Mwenye daladala kumi za aina kumi anaijua hesabu hii bila kusoma kitabu. Burkhardt aliijua pia, na Mei 1996, hata miezi mitatu haijatimia tangu auziwe kampuni, akaagiza vichwa 250 vya aina moja kwa mpigo. Havikuagizwa kutoka kiwanda cha Uingereza. Viliagizwa kutoka General Motors, vijengwe kwenye kiwanda chao cha London, yaani ile London ya jimbo la Ontario, Kanada.

Kwa nini General Motors? Kwa sababu mfano ulikuwapo tayari, na haukuletwa na shirika la reli bali na mchimba mawe. Kampuni ya Foster Yeoman ilikuwa na machimbo makubwa Merehead, Somerset, na treni zake zilikuwa zikivutwa na vichwa vya British Rail vilivyokuwa vikiharibika mara kwa mara. Walipochoka wakaamua kununua vya kwao. Vinne vya kwanza vya aina ya 59 vilitua Januari 1986, vikawa vichwa vya kwanza vya kampuni binafsi kufanya kazi kwenye njia kuu za British Rail. Hata Waingereza waliokuwa wakiwabeza Wamarekani walinyamaza. Mei 1991, 59005 na 59001 vilivuta pamoja treni ya majaribio ya tani 11,982 kutoka Merehead. Kiungo cha behewa kilikatika njiani kabla safari haijakamilika, lakini vichwa vyenyewe havikuwa na neno. Wachimba mawe wengine, ARC, wakanunua vinne, kampuni ya umeme ya National Power ikanunua sita. Burkhardt alichofanya ni kuchukua bodi ya 59, akabadilisha kilichomo ndani, na kuagiza kwa mamia.

Sasa tukiangalie chenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Kichwa cha 66 kina urefu wa mita 21 na ushei, uzito wa tani 127 hivi, ekseli sita, na mwendo wa juu kabisa wa kilomita 120 kwa saa. Ndani kuna injini ya EMD, tawi la General Motors la vichwa vya treni, yenye silinda 12, dizeli ya mapigo mawili, inayotoa nguvu za farasi 3,200 hivi. Kila silinda peke yake ina ukubwa wa zaidi ya lita 11 na nusu. Silinda moja tu inaizidi injini nzima ya malori mengi. Injini hiyo haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazungusha jenereta, umeme unashuka kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli, mota moja kwa kila ekseli. Uzuri wake kwa fundi ni kwamba silinda, pistoni yake na kifuniko chake hutoka kama fungu moja. Ikichoka moja, unaitoa kwa winchi, unaingiza nyingine, na injini haijaondoka mahali pake. Aliyewahi kufungua injini kubwa ya treni ya namna ya zamani anajua hiyo ni baraka kiasi gani.

Kuna mambo mawili madogo ambayo mtu wa nje hayaoni. La kwanza ni bogi zake, yaani fremu zinazobeba ekseli na magurudumu. Kwenye kona, ekseli za mbele na za nyuma za bogi hujigeuza kidogo kufuata mkunjo wa reli badala ya kulazimisha magurudumu kusugua ukingo. Reli inaliwa pole pole zaidi, na magurudumu vilevile. La pili ni namna kinavyopanda mlima mvua inaponyesha. Vichwa vya zamani gurudumu likianza kuteleza, dereva alipunguza nguvu na kuomba Mungu. Kwenye 66 kompyuta huliachia gurudumu lizunguke kwa kasi inayozidi kidogo tu mwendo wa treni, kwa sababu chuma juu ya chuma hushika vizuri zaidi kikiteleza kidogo kuliko kisipoteleza kabisa. Ukisimama karibu na mlima siku ya mvua utasikia kikilalama na kumwaga mchanga chini ya magurudumu, lakini kinakwenda.

Cha kwanza, 66001, kilishushwa bandari ya Immingham Aprili 1998. Cha pili kilipitishwa kwanza kwenye njia ya majaribio ya Pueblo, Colorado, kabla ya kuvuka bahari. Vilivyofuata vilikuja kwa meli hadi Newport, Wales, vikiwa vimepangwa ndani kama boksi za viatu, na kufikia katikati ya 2000 vyote 250 vilikuwa vimefika. Vilikuwa vikishushwa bandarini, vinajazwa mafuta, na ndani ya muda mfupi vinavuta treni ya kibiashara. Kwa mtu aliyezoea vichwa vipya vinavyokaa miaka miwili vikirekebishwa, ilikuwa kama mchezo wa mazingaombwe.

Lakini usidhani vilipokelewa kwa vigelegele na kila mtu. Mashabiki wa treni, ambao Uingereza ni kabila kubwa, walivichukia kwa kufuta aina zote walizozipenda, wakavibandika jina la utani la "kibanda" kwa ile paa yake ya bati iliyokunjamana. Madereva walikuwa na malalamiko ya maana zaidi: kelele ndani ya chumba chao, joto la kiangazi, mtetemo unaopanda kwenye kiti. Chama chao, ASLEF, kilipiga kelele kwa miaka. Mimi nawaelewa. Mhandisi aliyekipima kwa siku ngapi kinakaa bila kuharibika alikipa maksi zote, na dereva aliyekaa humo saa tisa usiku hakuulizwa.

Umeuliza pia, kwenye ujumbe wako, kwa nini vinaonekana vifupi na vyembamba ukilinganisha na vile vya SGR ulivyoviona Kenya ilhali upana wa reli ni ule ule wa milimita 1,435. Upana wa reli haukuambii kitu kuhusu madaraja. Waingereza walijenga njia zao mapema kuliko watu wote, miaka ya 1830 na 1840, wakati treni zilikuwa ndogo, na mahandaki na madaraja ya wakati ule ndiyo yaliyopo mpaka leo. Kichwa chochote cha kwenda huko kinapaswa kuwa na kimo cha mita 3.9 hivi. Kile cha Mchina cha Mombasa kingegonga daraja la kwanza. Ndiyo maana Kanada hawakuweza kuwauzia Waingereza kichwa chochote walichokuwa nacho dukani. Ilibidi mtambo wa Kimarekani ubanwe ndani ya bodi ya Kiingereza.

Sambamba na vya 66, kampuni iliagiza vichwa 30 vya aina ya 67 vilivyojengwa Valencia, Hispania, chini ya Alstom. Injini ni ile ile ya EMD, lakini ekseli nne tu na mwendo wa kilomita 200 kwa saa, kwa kazi moja hasa: kukimbiza barua za Royal Mail usiku. Hapa karata ilikwenda kombo mapema. Mwaka 2003 Royal Mail walitangaza wanahamia barabarani na angani, na Januari 2004 mabehewa ya posta yaliyokuwa yakichambua barua njiani, utaratibu uliokuwapo tangu 1838, yakafanya safari ya mwisho. Vichwa vya miaka minne tu vikabaki bila mwenyewe. Viwili, 67005 na 67006, vilipakwa rangi ya kifalme na kuwa vya treni ya Malkia, na baadaye ya Mfalme, treni ambayo mwaka 2025 ilitangazwa kwamba nayo itastaafishwa. Vingine vimekuwa vikikodishwa kuvuta abiria, na leo ukienda Wales utavikuta kwenye treni za Transport for Wales.

Vya zamani vilikwenda wapi? Vya 58 viliondolewa vyote kufikia 2002, ingawa vilikuwa kati ya vichwa vipya zaidi ilivyokuwa navyo reli ya Uingereza, na hapo ndipo hata mimi ninayeitetea hesabu ya Burkhardt nilikuna kichwa. Havikufa lakini. Vingi vilipelekwa Hispania, Ufaransa na Uholanzi, na kule Hispania vilivuta kokoto na mataruma kujenga njia mpya za treni ziendazo kasi. Vya 56 EWS ilivistaafisha Machi 2004, navyo baadhi vikaenda Ufaransa kwa kazi hiyo hiyo. Vya 60 ndivyo vilivyobaki kwa sababu ya nguvu ya kuanza kuvuta treni nzito ya mafuta au chuma, jambo ambalo 66 hakiwezi kwa kiwango kile. Hata hivyo vingi vililala Toton, uwanja mkubwa wa treni kati ya Nottingham na Derby, safu kwa safu vikiota kutu, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ilipofufua takriban 20 kwa matengenezo makubwa. Vya umeme nitavipita haraka: kampuni ilirithi vya aina ya 90 na sehemu ya vichwa 46 vya aina ya 92 vilivyojengwa kwa ajili ya njia ya chini ya bahari, lakini mizigo ya kwenda bara haikukua kama ilivyoahidiwa, na baadhi ya hivyo vya 92 leo viko Bulgaria na Romania.

Sasa Mjerumani. Burkhardt aliondolewa madarakani na wanahisa wenzake 1999. Mwaka 2001 Wisconsin Central yenyewe ikanunuliwa na reli ya Kanada, Canadian National, ambao walitaka njia zake za Marekani. Sehemu yao ya EWS ilikuja kama nyongeza ya sokoni. Kampuni ikakaa na wenyehisa ambao moyo wao haukuwa Uingereza. Wakati huohuo Ulaya ilikuwa inafungua mipaka ya reli kwa mizigo. EWS wenyewe walianzisha Euro Cargo Rail huko Ufaransa mwaka 2005, wakapeleka makumi ya vichwa vya 66 ng'ambo na kuagiza vingine 60 vya aina inayofanana navyo, wakaanza kumnyang'anya SNCF, shirika la reli la Ufaransa, wateja nyumbani kwake.

Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, lilikuwa likitafuta kitu hicho hasa: mtandao wa mizigo unaotoka Poland mpaka Atlantiki bila kubadilisha mikono. Juni 2007 wakatangaza kuinunua EWS kwa pauni milioni 309, na Novemba biashara ikakamilika. Ufaransa na njia ya chini ya bahari viliwavutia angalau sawa na Uingereza yenyewe. Na kwa kuwa hisa zote za Deutsche Bahn ni za serikali ya Ujerumani, mizigo ambayo serikali ya Uingereza iliitoa mikononi mwake 1996 kwa sababu serikali haifai kuendesha biashara, miaka 11 baadaye ikawa tena mali ya serikali, ya Berlin.

Bei ile ilihesabiwa juu ya makaa ya mawe. Lazima uelewe jinsi kazi ile ilivyokuwa nzuri. Treni inapakiwa mgodini au bandarini, inakwenda kwenye kituo cha umeme, inapita taratibu juu ya shimo huku milango ya chini ya mabehewa ikijifungua yenyewe, haisimami, inazunguka kwenye mduara na kurudi ilikotoka. Kichwa hakifunguliwi, dereva habadilishi upande. Vichwa vya 66 vilipewa kabisa kifaa cha kushikilia mwendo wa kobe kwa kazi hiyo. Eneo lako, Doncaster, lilikuwa kitovu: migodi ya Yorkshire upande mmoja, bandari ya Immingham upande wa pili, na bonde la mto Trent na Aire limejaa vituo vya umeme. EWS waliagiza mabehewa mapya 2,500 kutoka Thrall, kampuni ya Marekani iliyofungua kiwanda York kwa ajili yao. Agizo lilipokamilika 2002 kiwanda kikafungwa.

Kuanzia 2013 serikali ya Uingereza iliweka kodi ya kaboni juu ya umeme wa makaa, na 2015 ikaipandisha takriban mara mbili. Matokeo yalikuwa ya ghafla kuliko mtu yeyote wa reli alivyotarajia. Kellingley, mgodi wa mwisho wa chini sana ardhini, ulifungwa Desemba 2015. Mwaka uliofuata vikafungwa vituo vya Longannet, Ferrybridge na Rugeley. Kiwanda cha chuma cha Redcar kilikuwa kimekwisha kuzimwa 2015. Oktoba 2016 DB Cargo UK ikatangaza kupunguza ajira 893. Kilipofungwa kituo cha Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024, Uingereza haikuwa na kituo hata kimoja cha umeme wa makaa ya mawe, na Ratcliffe kiko umbali mfupi tu kutoka kwenye uwanja wa Toton.

Hapo ndipo ule ulingano wa vichwa 250 uligeuka. Vinapofanana vyote, vyote hupata kazi pamoja na vyote hukosa kazi pamoja. Lakini vilevile kinachofanana huuzika kwa urahisi, na hili watu hulisahau. Baadhi vilikwenda Ufaransa na Poland kwenye matawi mengine ya DB. Kumi viliuzwa kwa GB Railfreight, mshindani mkubwa, vikapewa namba mpya kuanzia 66780. Hicho cha kwanza kilikuwa 66008 wa EWS. Vingine vimekatwa kuwa vipuri vya wenzao. Hata mabehewa marefu ya makaa yalikatwa na kufupishwa ili yabebe kokoto, maana kokoto ni nzito na behewa la makaa likijaa kokoto linavunja ekseli kabla halijafika ukingoni. Kazi iliyobaki ni ya ujenzi, chuma, mafuta, makontena, na chembechembe za mbao zinazochomwa kwenye kituo cha umeme cha Drax, ambako zamani yalichomwa makaa.

Kwa hiyo ukiwa kwenye zamu yako, soma namba hivi. Tarakimu mbili za mwanzo ni aina ya kichwa, tatu za mwisho ni jina lake. Kuanzia 66001 hadi 66250 ni vile vya EWS, hata kama leo viko kwa mwingine. Ukiona 665 ni vya Freightliner, 667 ni GB Railfreight, 663 vya kwanza vilianzia kwa Fastline, 664 ni vya Direct Rail Services kwa asili, na vichache vya 668 ni vya Colas. Wote hao walimwiga Burkhardt: walikuja kushindana naye wakiwa na kichwa chake. Cha mwisho kabisa kujengwa, 66779, kilifika 2016 kikiwa kimepakwa kijani na kupewa jina la Evening Star, jina la garimoshi la mwisho la mvuke lililojengwa na British Rail mwaka 1960. Baada ya hapo sheria za moshi za Ulaya zikaufunga mlango. Injini ile ya mapigo mawili isingeweza kupita.

Umeuliza pia, mwishoni mwa ujumbe wako, kama serikali mpya ya Uingereza, inayorudisha reli mikononi mwake, itamnyang'anya Mjerumani. Hapana. Sheria ya 2024 inahusu treni za abiria; mizigo inabaki kwa kampuni binafsi. Tatizo la DB Cargo liko kwao wenyewe: Tume ya Ulaya ilikwisha kuamua, Novemba 2024, kwamba Deutsche Bahn haiwezi kuendelea kuziba hasara za tawi lake la mizigo mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo kila kitengo kinabanwa kijilipie. Kununua vichwa vipya katika hali hiyo ni vigumu. Aliyeviagiza ni GB Railfreight: 30 vya aina ya 99, vyenye ekseli sita, vinavyotumia umeme wa waya pale ulipo na dizeli pale usipo. Vinatengenezwa na Stadler, kwenye kiwanda kile kile cha Valencia kilichotoa vya 67 kwa ajili ya barua, na cha kwanza kilitua Uingereza 2025.